Mwenye Kuchimba Shimo na Alifunike

Katika sheria waliyopewa Waisraeli kwa mkono wa Musa imo amri moja ndogo ambayo mara nyingi twaipita bila kuitazama. Ni amri juu ya mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi. Ng'ombe au punda wa jirani akianguka humo akafa, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakumsukuma mnyama yule. Hawezi kusema kwamba ng'ombe angetazama njia yake. Shimo ni lake, na kifuniko ni juu yake.

Leo nataka tuifikiri amri hiyo kwa habari ya shimo la namna nyingine, ambalo babu zetu hawakulijua. Ni hatari ya mionzi ya atomu, hasa ile inayotunzwa katika vyuo vikuu, mahali ambapo wenye elimu huishika kwa ajili ya kufundisha na kuchunguza. Shimo hili halionekani kwa macho. Maswali yangu ni mawili. Mwenye kujua hatari ana deni gani kwa asiyeijua? Na deni hilo laisha lini?

Labda mtu atasema: "Katekista, sisi watu wa Base ya Kamina tuna habari gani na atomu? Shida yetu ni maji, ni unga, ni karo za watoto." Ni kweli, shida hizo ni kubwa. Lakini jambo hili si geni kwetu. Lilikwisha kupita mlangoni petu zamani, tena bila kubisha hodi.

JAMBO LILILOPITA MLANGONI

Shinkolobwe ni mahali karibu na Likasi, katika Katanga. Madini ya urani yaligunduliwa huko mwaka 1915. Kwanza kampuni ya Union Minière ilitafuta humo radiamu, kitu cha thamani kubwa siku zile. Mwaka 1940 kampuni ilipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Wakati wa vita madini mengine yalipakiwa katika treni za reli yetu hii, inayopita Kamina kwenda Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Kutoka huko yalishuka kwa mashua za mtoni mpaka Léopoldville, kisha kwa reli tena mpaka Matadi, hata baharini. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Watu wetu waliochimba na kupakia hawakuambiwa kazi ile ni ya nini, kwa maana ilikuwa siri ya vita.

Basi mwanzo wa habari hii ni huo: mmoja ajua, mwingine abeba.

Baadaye jambo lilichukua sura iliyo njema zaidi. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium, chuo cha Kikatoliki, kilifunguliwa juu ya kilima cha Mont Amba huko Léopoldville. Mkuu wake alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padre aliyekuwa pia mtaalamu wa fizikia. Mwezi wa Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kinu cha atomu kiliwashwa pale, jina lake TRICO. Kilikuwa cha kwanza katika Afrika nzima. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu. Mwaka 1972 kilifuata kinu cha pili, TRICO II, chenye kilowati 1,000. Vinu hivi havikuwekwa kwa ajili ya mabomu, wala kwa ajili ya umeme wa mji. Viliwekwa kufundisha vijana, kutengeneza vitu vyenye mionzi vya kutumiwa hospitalini, na kuchunguza mambo ya udongo, mbegu na madini. Tangu mwaka 2004 kinu cha pili nacho hakifanyi kazi.

Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Aliyeleta kinu cha kwanza katika bara letu alikuwa padre, na chuo kilikuwa cha Kanisa. Kwa hiyo sisi Wakatoliki hatuwezi kusimama kando na kusema kwamba hili ni shimo la watu wengine. Hata kama chuo kilichukuliwa na serikali mwaka 1971, na sasa chaitwa Chuo Kikuu cha Kinshasa, sisi tumo katika ukoo wa waliochimba.

HATARI ISIYO NA SAUTI

Hatari nyingi humwonya mtu kabla ya kumdhuru. Moto una joto na moshi. Nyoka ana mwendo wake katika majani. Nyama iliyooza ina harufu. Mto uliofurika wanguruma. Hata mtoto asiyekwenda shule aweza kujihami kwa macho, kwa masikio na kwa pua.

Mionzi haina hata moja ya dalili hizo. Haina rangi, haina harufu, haina sauti, haina joto la kuhisiwa mkononi. Mtu aweza kushika kipande cha chuma kinachomuua, naye aona ni chuma tu. Baada ya saa kadhaa atatapika, baada ya siku kadhaa ngozi itaungua na damu itaharibika. Ikiwa kipimo ni kidogo zaidi hataona kitu leo, lakini hatari ya kansa yaongezeka, nayo yaweza kutokea baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayekumbuka chanzo.

Sitaki kumtisha mtu bure. Mionzi kidogo iko kila mahali: katika mawe, katika chakula, katika jua la kila siku, na Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wetu uweze kuishi humo. Picha ya mifupa anayopigwa mgonjwa hospitalini ina faida kubwa kuliko madhara. Kumwogopesha mtu mpaka akakimbia matibabu ni kosa, kama lilivyo kosa kumficha hatari. Ninalotaka mwelewe ni hili: mtu asiyejua hawezi kujilinda na mionzi kwa akili zake za mwili. Ulinzi wake wote umo mikononi mwa yule anayejua. Na hapo ndipo deni lilipo.

Wataalamu wa kazi hii hushika mambo matatu, na si magumu kuyaelewa. La kwanza ni muda: ukikaa karibu na hatari dakika moja badala ya kumi, utapata sehemu moja ya kumi. La pili ni umbali: ukisogea mara mbili zaidi kutoka kitu kidogo chenye mionzi, hupati nusu, wapata robo tu. La tatu ni ngao: maji, zege nene au risasi huizuia mionzi, kama ukuta wa jiko unavyozuia moto. Kwa hiyo kinu cha TRICO kimewekwa ndani ya kisima cha maji, na watumishi huvaa kifuani kijipimo kidogo kinachoonyesha kila mmoja amepata kiasi gani.

Iko sheria ya vipimo iliyokubaliwa na mataifa. Mfanyakazi asizidishe milisieverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Mtu wa kawaida, anayeishi jirani au kupita njiani, asizidishe milisieverti 1 kutokana na kazi hizo. Kwa nini vipimo hivyo havilingani? Je, mwili wa mfanyakazi ni wa chuma? Hapana. Lakini mfanyakazi amefundishwa, amekubali, anapimwa, na ana mshahara wa kazi hiyo. Mama anayeuza mihogo nje ya ukuta hakuulizwa neno. Yeye hakukubali kitu, na wala hajui kwamba kuna jambo la kukubali. Basi sheria yenyewe, ingawa imeandikwa na watu wa hesabu, yakiri jambo la haki: asiyejua apaswa kulindwa zaidi kuliko anayejua.

CHUO KILICHOSAHAU

Sasa nitaeleza jambo lililotokea mbali, katika nchi ya Uhindi, kwa sababu latufundisha waziwazi.

Chuo Kikuu cha Delhi kilikuwa na mashine yenye kobalti, iliyonunuliwa kutoka Kanada kwa ajili ya uchunguzi wa kemia. Ilitumika miaka kadhaa. Kisha kazi zake zikaisha, nayo ikawekwa chumbani. Miaka ishirini na zaidi ilipita. Mwezi wa Februari 2010 chuo kiliamua kusafisha nyumba na kuuza vitu vikuukuu kwa mnada. Mashine ile ikauzwa pamoja na takataka nyingine. Walioinunua walikuwa wafanya biashara wa vyuma chakavu wa mtaa wa Mayapuri. Waliivunja ili wapate risasi na chuma. Mtu mmoja akafa, na wengine wakalazwa hospitalini na vidonda vya kuungua.

Tafadhali fanyeni hesabu pamoja nami. Kobalti ile hupungua nusu kwa kila miaka mitano na kidogo. Kwa miaka yapata 40 tangu iliponunuliwa, nusu ilikuwa imeondoka, na nusu ya nusu, na kuendelea, karibu mara nane. Haikubaki hata sehemu moja katika mia ya nguvu yake ya kwanza. Na kile kidogo kilichobaki ndicho kilichomuua mtu.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea Brazili mwaka 1987, katika mji wa Goiânia. Nyumba ya matibabu ilihama, ikaacha nyuma mashine yenye sesiamu. Watu maskini wakaichukua na kuiuza kwa vyuma chakavu. Ndani yake walikuta unga uliong'aa kwa rangi ya buluu gizani. Waliuona ni mzuri. Waligawiana, wakajipaka mwilini, wakawapelekea watoto nyumbani. Watu wanne walikufa, na mmoja wao alikuwa msichana wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na uchafu wa unga ule. Wazee wetu husema: Kikulacho ki nguoni mwako. Huko Goiânia methali hiyo ilitimia kwa namna ambayo hakuna mzee aliyepata kuifikiri.

NA CHUO CHETU?

Tusinyoshe kidole kwa wenzetu tu. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za mafuta ya kinu ziliibiwa Kinshasa. Fimbo hizo ndizo zenye urani. Mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata moja mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wakiiuza. Ya pili haikuonekana tena. Pamoja na hayo, kilima cha Mont Amba chaliwa na mmomonyoko, kwa maana mvua za Kinshasa huufanya udongo wa mchanga kutiririka na kuacha makorongo makubwa, na nyumba nyingi zimejengwa kukikaribia chuo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaitumia kwa fedha za chama na kwa magunia ya mahindi. Yafaa zaidi kwa vitu vya namna hii. Gunia likipotea, hasara ni ya mwenyewe. Fimbo ya urani ikipotea, hasara yaweza kumwangukia mtu ambaye hajapata kulisikia jina la chuo kile.

Tena angalieni: kinu kimezimwa tangu 2004, lakini kuzimwa si kwisha. Ukizima moto wa jikoni jioni, asubuhi waweza kuzoa majivu kwa mikono. Mafuta ya kinu yaliyokwisha kutumika hayapoi hivyo. Yataka maji, yataka ukuta, yataka mlinzi na mpimaji, hata kama hakuna mwanafunzi mmoja anayejifunza kwayo. Faida imesimama, ila ulinzi hauna ruhusa ya kusimama. Hapo ndipo penye jaribu kubwa. Mwanadamu hulinda kwa bidii kile kinachomletea faida leo. Kile ambacho faida yake ilikwisha kuliwa na watu wa jana, hukiona kuwa mzigo tu.

DHAMBI NI YA NANI?

Turudi Delhi, tuulize kama tunavyouliza katika mafundisho ya dhamiri. Ni nani aliyekosa?

Aliyevunja mashine hakukosa. Alikuwa akitafuta riziki yake, na hakuna aliyemwambia kitu. Huo ndio ujinga ambao walimu wetu wa seminari waliuita ujinga usioshindika: mtu hajui, wala hana njia ya kujua. Ujinga wa namna hiyo humwondolea mtu lawama.

Je, karani aliyetia sahihi kwenye mnada? Labda naye hakujua. Aliona orodha ya vitu vikuukuu, akapiga muhuri. Lakini yeye alikuwa na njia ya kuuliza. Chumba kilikuwa cha idara ya kemia, na wenye elimu walikuwa mlango wa pili. Ujinga wa mtu awezaye kuuliza na asiulize una lawama, zaidi au pungufu kwa kadiri ya uzito wa jambo.

Je, chuo chenyewe? Hapa yako mawazo ninayoomba myapime. Mtu mmoja aweza kusema: "Sikujua." Chuo hakiwezi kusema hivyo, kwa sababu chuo kilijua. Kilipoinunua mashine kilijua ni nini, kilipoitumia kilijua. Mwalimu aliyeijua alistaafu, na ujuzi wake ukatoka naye mlangoni. Mashine ikabaki, nao ujuzi ukaondoka. Basi kosa halikuanza siku ya mnada. Lilianza siku ile mtu anayejua alipoondoka bila kumwachia mwingine neno, na wakubwa wake wakamwacha aende bila kumdai.

Kwa hiyo nasema: kusahau kwaweza kuwa dhambi. Si kusahau kwa mzee ambaye kumbukumbu yake imechoka, bali kusahau kwa nyumba isiyotaka kuandika. Twajua ya kuwa dhambi hutendwa kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo, na pia kwa kutotimiza wajibu. Mara nyingi hiyo ya mwisho twaiona nyepesi, kwa kuwa hakuna mkono ulioinuka. Lakini mtu wa Mayapuri alikufa kweli, ingawa hakuna aliyeinua mkono.

Na hapo lapata jibu swali langu la pili. Deni la mwenye kujua laisha lini? Haliishi kwa kustaafu. Haliishi kwa kufa, maana aliyepokea ofisi amepokea na deni lake. Laisha siku hatari yenyewe inapokwisha. Na kwa kuwa hatari hii yaweza kuishi kuliko mtu, lazima wajibu nao urithishwe, kama tunavyorithisha shamba pamoja na mipaka yake.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Mtu wa kwanza atasema: "Vyuo vyetu ni maskini. Walimu hukaa miezi bila mshahara. Mtawadaije ulinzi wa namna ya Ulaya?"

Neno hilo ni zito, nami silipuuzi. Hakuna anayefungwa kufanya lisilowezekana. Mtu akikosa fedha za kununua mashine mpya ya kupimia, hana dhambi. Walakini umaskini hausamehi kila kitu. Daftari na kalamu si ghali. Kufuli si ghali. Kuhesabu kila mwezi vitu vilivyomo ghalani hakutaki msaada wa Ulaya. Na ikiwa chuo chashindwa kweli, wajibu hubadilika sura: hapo kimebaki na wajibu wa kusema wazi kwamba kimeshindwa, na kuomba wengine. Aibu ya kuomba ni ndogo kuliko aibu ya kuzika.

Tena haki yataka niseme upande wa pili. Urani ya Katanga iliwatajirisha watu wa mbali na kuwapa nguvu. Wale walioila nyama wasimwachie mwenye nyumba mifupa peke yake. Kusaidia kulinda yale yaliyobaki katika Kongo ni sehemu ya deni, si sadaka.

Mtu wa pili atasema: "Basi tutupe vyote, tusiwe na elimu hii kabisa." Huyu naye hakuwaza. Kwanza, kutupa ndilo kosa lenyewe tulilolisimulia. Pili, mionzi hiyohiyo inayoua hutumika kuchoma uvimbe wa kansa, na mama wengi ulimwenguni wamepona kwayo. Matumizi mabaya ya kitu hayaondoi matumizi yake mema. Kisu hukata kitovu cha mtoto, na kisu huua. Hatutupi kisu, twamfundisha mtu kukishika na mahali pa kukiweka.

Mtu wa tatu, na huyu namheshimu kwa sababu anasali, atasema: "Mungu atatulinda." Ndiyo, Mungu hulinda. Lakini katika sheria ile ile ya kale Mungu aliamuru pia kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke akatia damu juu ya nyumba. Mungu asingeagiza ukingo kama angetaka malaika washike kila anayeteleza. Kumwachia Mungu kazi aliyotupa sisi ni kumjaribu, si kumtumaini.

MLINZI MDOGO

Nimesema juu ya wakubwa, lakini wako pia walinzi wadogo. Katika kila chuo na hospitali yuko kijana mwenye funguo, yuko msaidizi wa maabara, yuko mpimaji. Mshahara wake ni mdogo. Siku moja mtu mgeni atamjia na noti mkononi, atake kuona ghala tu, au kuchukua kitu kimoja ambacho "hakuna atakayekikumbuka". Siku nyingine kijipimo chake kitaonyesha kwamba amepita kiasi, na mkubwa wake atamwambia anyamaze, kazi isicheleweshwe.

Afanye nini? Utii ni fadhila, nasi makatekista twaufundisha. Lakini utii hauna nguvu juu ya uhai wa mtu wa tatu. Mkubwa aweza kuniamuru nichoke. Hawezi kuniamuru nimfiche jirani shimo. Mlinzi mdogo anaposema ukweli, huenda akapoteza kazi, na sisi tusiseme kwamba ni jambo rahisi mtu mwenye watoto sita kupoteza kazi. Ndiyo maana Congo ilitunga sheria mwaka 2002 juu ya kujikinga na hatari za mionzi na kulinda vitu vya nyuklia: ili mtu mdogo anaposema, asiwe anasema kwa kinywa chake peke yake. Sheria nzuri ni fimbo mkononi mwa mnyonge. Ila fimbo iliyosahauliwa kabatini haimwegemezi mtu.

Na vipi juu ya ndugu zetu waliorudi kuchimba Shinkolobwe? Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini miaka mingi baadaye maelfu waliingia tena kwa majembe wakitafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 Rais alipiga marufuku. Mwezi wa Julai mwaka ule ule sehemu ya mgodi ilibomoka, ikaua watu wanane. Wachimbaji wale walikuwa wamesikia habari ya hatari, walakini njaa iliwasukuma. Njaa hupunguza uhuru wa mtu, na pamoja na uhuru hupungua lawama. Lakini aliyenunua mawe yao, akiwa ameshiba na kujua, akawapelekea malori ya kupakia, huyo hakusukumwa na njaa. Mizani ya Mungu itampima kwa ujuzi wake.

SISI WA HAPA

Basi sisi wa Base na Kamina tuna nini cha kufanya? Tuna mambo manne.

Kwanza, tuijue alama. Ni alama ya rangi ya njano na nyeusi: nukta katikati, na mabawa matatu kuizunguka. Mwalimu aichore ubaoni. Wafundisheni hasa vijana wanaokusanya vyuma chakavu kando ya reli. Mtu akikuta sanduku au chombo kizito cha risasi chenye alama hiyo, asikifungue, asikivunje, asikipeleke nyumbani. Asogee mbali, awazuie watoto, na kuwapa habari wakuu wa mahali mara moja.

Pili, yeyote kati yetu aliye na mtoto Chuo Kikuu, au ndugu anayefanya kazi hospitalini, amwulize: "Huko kwenu vitu vya hatari vimeandikwa wapi? Ukihama, nani atajua?" Swali hilo la mzazi laweza kuokoa mtaa mzima.

Tatu, anayestaafu asiondoke kimya. Aandike. Amchukue kijana kwa mkono, amwonyeshe kila mlango na kila kabati, amwambie: hiki kiache, hiki kipime, hiki usikiuze kamwe. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na labda iliyo kubwa kuliko zote.

Nne, tuanze na mashimo yetu wenyewe. Maana sisi tusio na urani tuna vitu vyetu ambavyo sisi twavijua na wengine hawavijui. Yuko anayeweka dawa ya wadudu katika chupa ya bia, naye peke yake ajua. Yuko aliyechimba kisima akakifunika kwa matete yaliyooza. Yuko anayeuza vidonge vilivyopita tarehe. Yuko fundi ajuaye kwamba breki za lori zimekwisha, naye akalipaka rangi likarudi njiani. Kila mmoja wao anashika ulinzi wa mtu asiyejua. Ni dhambi ya namna ile ile iliyoua Delhi, ila kipimo chake ni kidogo.

Ndugu zangu, ujuzi ni zawadi, nasi twajivunia watoto wetu wakiupata. Lakini kila anayepanda ngazi ya ujuzi akumbuke kwamba chini wako watu ambao maisha yao yamewekwa mikononi mwake bila wao kuambiwa. Hawatamshukuru, kwa kuwa hawatajua siku aliyowaokoa. Kifuniko kizuri hakina sifa. Watu hupita juu yake wakiendelea na mazungumzo yao. Mungu aonaye sirini ndiye ajuaye nani alikiweka, na nani aliyekuja baada yake akakitazama tena kama bado ni kizima.